Salahuddin Ayubi: Shujaa wa dini aliyepimwa kwa mateka wake

Na Mwandishi Wetu

ALIPOFARIKI dunia mjini Damascus, Syria, Machi 4, 1193, Sultani Salahuddin Ayubi hakuacha nyumba, shamba wala bustani. Katika hazina yake binafsi zilikutwa dinari moja ya dhahabu na dirhamu 47 za fedha, na wasaidizi wake walilazimika kukopa ili kugharamia mazishi.

Huyo ndiye mtu aliyetawala kuanzia Misri na Yemen hadi kaskazini mwa Iraq, na ndiye aliyeutwaa mji wa Yerusalemu kutoka mikononi mwa Wazungu walioukalia kwa miaka 88. Jina lake lilitajwa kwa heshima hata katika nyumba za maadui zake.

Zaidi ya karne nane baada ya kifo chake, jina hilo limeingia hadi katika michezo ya kompyuta. Mchezo wa Age of Empires II, uliotoka mwaka 1999, una sehemu nzima inayomfuata Sultani huyo kutoka Misri hadi kwenye kuta za mji wa Akka.

Hata hivyo, mchezo uliogusa kwa kina zaidi suala la maadili ya mpiganaji wa dini ni Dungeons & Dragons, uliobuniwa nchini Marekani na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa mwaka 1974. Mchezo huo haukuhitaji kompyuta. Wachezaji huketi mezani, kila mmoja akijivika nafsi ya mhusika katika dunia ya kubuni, mmoja wao akisimulia yanayotokea, na kete zikiamua nani ashinde.

Mwaka 1975 mchezo huo uliongezewa mhusika aitwaye paladini, yaani mpiganaji mtakatifu. Jina hilo lilitoka katika hadithi za kale za Ufaransa zinazosimulia habari za mashujaa 12 wa Mfalme Charlemagne.

Kanuni zilizochapishwa mwaka 1978 zilimwekea paladini masharti magumu. Alitakiwa kufuata sheria na wema kwa pamoja, asijilimbikizie mali, na atoe sehemu moja ya kumi ya mapato yake. Akitenda uovu kwa makusudi hata mara moja, alipokonywa hadhi yake na hakurudishiwa kamwe.

Sharti hilo la mwisho ndilo lililozua mabishano yasiyokwisha miongoni mwa wachezaji. Paladini akimkamata adui aliyekwisha kuweka silaha chini, amuue, amfunge au amwachie? Akimwachia, naye akarudi kuua wasio na hatia, damu yao itakuwa juu ya nani?

Mezani, swali hilo huisha kete zinapokusanywa. Salahuddin alikutana nalo katika maisha, si mara moja, na majibu aliyoyatoa hayakuwa ya aina moja.

Kijana asiyependa vita

Salahuddin alizaliwa kati ya mwaka 1137 na 1138 katika mji wa Tikrit, Iraq, eneo ambalo karne nyingi baadaye lilivuma duniani kwa kuwa Saddam Hussein alizaliwa karibu na hapo. Jina alilopewa na wazazi wake ni Yusuf. Salahuddin ni jina la heshima, lenye maana ya uadilifu wa dini.

Familia yake ilikuwa ya Wakurdi. Baba yake, Ayub, alikuwa msimamizi wa ngome ya Tikrit, lakini familia ilifukuzwa baada ya ami yake Yusuf, Shirkuh, kumuua mtu katika ugomvi. Masimulizi yanaeleza kwamba usiku wa kuondoka ndio usiku aliozaliwa mtoto huyo.

Alikulia Baalbek na Damascus, kisha akawa chini ya utawala wa Nuruddin, mtawala wa Syria aliyekuwa mstari wa mbele kupambana na dola za Kizungu zilizoanzishwa na wapiganaji wa Vita vya Msalaba. Wapiganaji hao waliuteka mji wa Yerusalemu mwaka 1099 na kuua sehemu kubwa ya wakazi wake, Waislamu na Wayahudi.

Katika ujana wake hakuna aliyemtazamia kuwa jemadari. Inaelezwa kuwa alivutwa zaidi na elimu ya dini kuliko silaha, na kwamba ami yake alipomchukua kwenda vitani Misri, kijana huyo alikwenda bila ya kupenda.

Misri yampa madaraka na doa

Misri wakati huo ilikuwa chini ya makhalifa wa Kifatimi, waliofuata madhehebu ya Waismailia. Utawala wao ulikuwa umedhoofika, na majeshi ya Yerusalemu na yale ya Syria yalishindana kuutia mkononi. Shirkuh aliongoza misafara mitatu ya kijeshi kwenda huko kati ya mwaka 1164 na 1169, na mpwawe alikuwa pamoja naye.

Mwanzoni mwa mwaka 1169 Shirkuh alishinda na kufanywa waziri mkuu wa Khalifa, lakini alifariki baada ya miezi miwili tu. Nafasi hiyo akapewa Salahuddin, akiwa na umri wa miaka 31 hivi. Inadhaniwa kuwa wakubwa wa Cairo walimchagua wakidhani kijana angekuwa rahisi kuongozwa.

Haikuwa hivyo. Mwezi Agosti mwaka huo huo mkuu wa watumishi wa kasri ya Khalifa alibainika kula njama na Wazungu, na Salahuddin akaamuru auawe. Askari weusi wa Khalifa, wengi wao wakiwa na asili ya Nubia na Sudan, waliinuka kulipiza kisasi, na mapigano yakarindima katika mitaa ya Cairo kwa siku mbili.

Kuwavunja nguvu, watu wa Salahuddin waliuchoma moto mtaa wa Mansura, zilikokuwa nyumba za askari hao, wake zao na watoto wao. Askari waliomba amani, wakakubaliwa wavuke mto Nile waende Giza. Walipofika huko, Turan Shah, kaka yake Salahuddin, aliwafuata na kuwaua wengi wao.

Habari hizo husimuliwa mara chache katika vitabu vinavyomsifu Sultani huyo, pengine kwa kuwa hazilingani na sifa alizopata baadaye. Lakini zilitokea, na waliouawa walikuwa wamekwisha kukubaliwa kuondoka kwa amani.

Mwaka 1171 Salahuddin aliufuta ukhalifa wa Kifatimi. Alijenga madrasa na kufungua hospitali jijini Cairo. Aidha, alifuta ushuru mzito uliotozwa mahujaji waliosafiri kupitia bandari ya Aidhab, kwenye pwani ya Afrika ya Bahari ya Shamu, na badala yake akawa anampelekea Amiri wa Makka nafaka na fedha ili asiwasumbue wageni wa Mwenyezi Mungu.

Vita vya ndugu kwa ndugu

Nuruddin alifariki mwaka 1174, na Salahuddin akaingia Damascus kabla ya mwaka huo kwisha. Kuanzia hapo, kwa zaidi ya miaka 10, sehemu kubwa ya nguvu zake aliitumia kupigana na watawala wenzake Waislamu. Aliupata mji wa Aleppo mwaka 1183, na mwaka 1186 mtawala wa Mosul alikubali kuwa chini yake.

Wapinzani wake walimtuhumu kuwa anatumia jina la dini kujijengea ufalme wa ukoo wake. Mwanahistoria Ibn al-Athir, aliyeishi zama hizo na aliyeegemea upande wa watawala wa Mosul, aliandika mengi ya kumkosoa. Wafuasi wa Salahuddin walijibu kwamba Yerusalemu isingeweza kurudi bila ya Misri na Syria kuwa kitu kimoja.

Alinusurika mara mbili kuuawa na wauaji wa siri, mwaka 1175 na 1176. Mwaka 1177 alishindwa vibaya huko Montgisard na jeshi la Mfalme Baldwin IV wa Yerusalemu, kijana wa miaka 16 aliyekuwa na ukoma. Kati ya mwaka 1185 na 1186 aliugua hadi watu wakamkatia tamaa. Alipopona, wengi waliomzunguka waliona kuwa amebadilika, na kwamba suala la Yerusalemu limekuwa zito zaidi moyoni mwake.

Mtu aliyevunja kila ahadi

Katika upande wa pili alikuwapo Reynald wa Châtillon, bwana wa ngome ya Kerak iliyokuwa kando ya njia ya misafara kati ya Misri na Syria. Reynald alikwisha kufungwa Aleppo kwa miaka 15 hivi, na alipotoka alikuwa na chuki isiyopoa.

Kati ya mwisho wa mwaka 1182 na mwanzo wa 1183 alipeleka merikebu katika Bahari ya Shamu. Watu wake waliishambulia bandari ya Aidhab, wakateka vyombo vya wafanyabiashara na mahujaji, kisha wakatua upande wa Arabia na kutishia kuufikia mji wa Madina. Jeshi la majini kutoka Misri liliwafukuza na kuwakamata.

Salahuddin aliamuru mateka hao wauawe. Mdogo wake Al-Adil, aliyekuwa mtawala wa Misri kwa niaba yake, alisita, lakini Sultani alishikilia msimamo kwamba watu waliokwisha kujua njia ya kuufikia mji mtakatifu hawawezi kuachwa hai. Wawili kati yao walipelekwa Mina wakati wa hija na kuuawa mbele ya mahujaji.

Mwanzoni mwa mwaka 1187, wakati mkataba wa kusitisha mapigano ukiwa bado unatumika, Reynald aliuvamia msafara mkubwa uliokuwa ukipita karibu na Kerak. Salahuddin alidai watu na mali virudishwe. Reynald alikataa, na Mfalme mpya wa Yerusalemu, Guy wa Lusignan, hakuweza kumlazimisha. Sultani aliapa kumuua Reynald kwa mkono wake mwenyewe.

Hattin: maji kwa mfalme, upanga kwa watawa

Julai 4, 1187 majeshi mawili yalikutana kwenye vilima vya Hattin, karibu na Ziwa Galilaya. Guy aliwaongoza askari wake kupita nchi kavu katika joto la kiangazi. Watu wa Salahuddin waliwakatia njia ya maji na kuchoma nyasi kavu ili moshi uwazidishie kiu. Ilipofika jioni jeshi la Yerusalemu lilikuwa limekwisha.

Mfalme Guy na Reynald waliletwa katika hema la Sultani. Salahuddin alimpa Guy kinywaji cha maji ya baridi. Guy alikunywa kisha akampitishia Reynald. Hapo Sultani akafanya ifahamike wazi kwamba si yeye aliyempa Reynald maji hayo, kwani kwa desturi ya Waarabu mateka akila au kunywa kwa mwenyeji wake basi damu yake inakuwa salama.

Baada ya hapo alimkumbusha Reynald mikataba aliyoivunja, akampiga kwa upanga. Guy alitetemeka akidhani zamu yake imefika, lakini Salahuddin alimtuliza na kumweka hai. Mwaka uliofuata alimwachia huru.

Siku mbili baadaye lilitolewa amri jingine. Miongoni mwa mateka walikuwamo zaidi ya 200 wa vikosi vya Watempla na Wahospitala. Hawa walikuwa watawa wapiganaji, watu walioweka nadhiri za utawa kama mapadri wa monasteri, lakini kazi yao ikiwa vita. Ndio waliokaribiana zaidi na yule paladini wa michezo ya leo.

Salahuddin aliwanunua kutoka kwa askari waliowakamata, dinari 50 kwa kila kichwa, kisha akaamuru wauawe. Kazi hiyo hawakupewa askari wa kawaida. Walijitokeza masufi na wanazuoni waliokuwa wakifuatana na jeshi, na inaelezwa kuwa baadhi yao hawakuwahi kushika upanga na ilibidi wengine wawasaidie.

Sababu ya kivita inaeleweka. Watempla na Wahospitala walikuwa askari bora kuliko wote katika nchi hiyo, walikuwa na ngome imara, na kanuni zao hazikuwaruhusu kujikomboa kirahisi kwa fedha. Kuwaachia kulikuwa na maana ya kukutana nao tena vitani.

Lakini walikuwa wamekwisha kukamatwa na hawakuwa na silaha. Wakati huo huo, Gerard de Ridefort, mkuu wa Watempla, yeye aliachwa hai kwa kuwa alifaa katika mapatano ya kuzisalimisha ngome. Askari wa kawaida waliuzwa utumwani, na walikuwa wengi kiasi kwamba bei ya mtumwa katika soko la Damascus ilianguka.

Yerusalemu: ahadi yashikiliwa

Septemba 20, 1187 Salahuddin aliuzingira mji wa Yerusalemu. Mji ulijaa wakimbizi, na ulinzi wake uliongozwa na Balian wa Ibelin. Mwanzoni Sultani alikataa kutoa masharti mepesi, akikumbuka mauaji ya mwaka 1099.

Balian alimpelekea onyo zito. Endapo wakazi wangeona hakuna tumaini, wangewaua mateka Waislamu wapatao 5,000 waliokuwa ndani ya mji, wangebomoa Msikiti wa Al-Aqsa na Kuba la Mwamba, kisha wangetoka kufa vitani. Salahuddin alishauriana na watu wake na kukubali mapatano.

Kila mwanamume angelipa dinari 10, mwanamke dinari tano na mtoto dinari moja, kisha aondoke salama na mali yake. Muda uliotolewa ulikuwa siku 40. Kwa maskini 7,000 Balian alilipa dinari 30,000 kwa mkupuo. Oktoba 2, 1187, siku iliyoangukia tarehe 27 Rajabu, ambayo Waislamu huadhimisha Miraji ya Mtume Muhammad, milango ya mji ilifunguliwa.

Hakuna aliyechinjwa. Askari waliwekwa mitaani kuzuia uporaji. Al-Adil aliomba apewe watu 1,000 kati ya wasioweza kujilipia, akapewa, akawaachia huru. Patriaki wa Yerusalemu na Balian nao waliomba, wakapewa mamia. Wake na mabinti wa wapiganaji waliokufa au kutekwa walipomlilia Sultani, aliamuru waume waliokuwa hai waachiwe na wajane wapewe fedha kutoka katika hazina yake.

Tukio lililowaudhi zaidi maofisa wake lilikuwa la Patriaki Heraclius. Kiongozi huyo wa kanisa alilipa dinari zake 10, akatoka mjini na mizigo ya dhahabu na vyombo vya thamani huku maelfu ya waumini wake wakikosa fedha ya kujikomboa. Maofisa walimshauri Salahuddin amnyang'anye. Alikataa, kwa kuwa mapatano yalimruhusu mtu kuondoka na mali yake, na hakutaka isemwe kuwa Waislamu wamevunja ahadi.

Pamoja na huruma hiyo, watu wapatao 15,000 walibaki bila ya mkombozi na kupelekwa utumwani, zaidi ya nusu yao wakiwa wanawake na watoto. Wakristo wa Mashariki waliruhusiwa kubaki mjini, Kanisa la Kaburi Takatifu halikubomolewa, na Wayahudi, waliokuwa wamezuiwa na watawala wa Kizungu, waliruhusiwa kurudi.

Huruma hiyo ilikuwa na gharama ya kivita. Waliojikomboa na askari wa ngome zilizojisalimisha kwa amani walikusanyika katika mji wa Tiro, pwani ya Lebanon ya leo. Salahuddin alishindwa kuuteka, na Ibn al-Athir alimlaumu moja kwa moja kwa kuwaachia maadui wakusanyike huko. Kutoka Tiro ndipo Wazungu walipoanza kujipanga upya.

Akka: pande zote zachafuka

Mwaka 1189 Mfalme Guy, yule yule aliyeachiwa huru, aliuzingira mji wa Akka. Mapambano hayo yalidumu karibu miaka miwili. Wafalme Philip wa Ufaransa na Richard wa Uingereza walifika mwaka 1191, na Julai 12 mwaka huo mji ukasalimu amri.

Mapatano yalimtaka Salahuddin alipe dinari 200,000 na kuwarudisha mateka wa Kikristo ili watetezi wa mji waachiwe. Mazungumzo yalikwama, kila upande ukimtuhumu mwenzake kuchelewesha. Agosti 20, 1191 Richard aliamuru mateka Waislamu wapatao 2,700 watolewe nje ya mji wakiwa wamefungwa kamba, wakauawa mbele ya macho ya wenzao.

Salahuddin alilipiza kisasi. Kwa majuma kadhaa wapiganaji waliokamatwa na kuletwa mbele yake waliuawa, hata wale ambao katika siku nyingine wangetozwa fidia. Miaka minne baada ya yale ya Yerusalemu, huruma yake ilikuwa imefungwa.

Hata hivyo, katika vita hivyo hivyo ndipo kulipotokea kisa kilichoandikwa na Bahauddin Ibn Shaddad, kadhi wa jeshi lake. Mwanamke mmoja wa Kizungu alivuka kutoka kambi ya adui akilia kwamba mtoto wake mchanga wa miezi mitatu ameibwa usiku na watu wa Salahuddin. Sultani alitokwa na machozi, akaagiza mtoto atafutwe. Ilibainika kuwa amekwisha kuuzwa sokoni. Alimlipa mnunuzi fedha yake, akamrudishia mama mwanawe na kuamuru asindikizwe kwa farasi hadi kambini kwao.

Ibn Shaddad alikuwa mtumishi wa Sultani, na maandishi yake yana mapenzi ya mtumishi kwa bwana wake. Lakini hata Wazungu wa zama zile, ambao hawakuwa na sababu ya kumpamba, walisimulia ukarimu wake. Inasimuliwa kuwa Richard alipougua homa, Salahuddin alimpelekea matunda na theluji ya kupoza kinywaji.

Septemba 2, 1192 wawili hao, waliokuwa wamechoka na hawakuwahi kuonana ana kwa ana, walifunga mkataba wa amani wa miaka mitatu hivi. Wazungu walibaki na ukanda wa pwani kutoka Tiro hadi Jaffa. Yerusalemu ilibaki kwa Waislamu, na mahujaji wa Kikristo waliruhusiwa kuingia bila ya silaha.

Angepita mtihani wa paladini?

Kwa kipimo cha mali, Salahuddin angepita bila ya shida. Watunza hazina wake walizoea kumficha akiba kidogo kwa ajili ya dharura, kwani alichokiona alikigawa. Hakuwahi hata kwenda hija. Vita vilimbana, na alipopata amani, fedha na muda havikutosha.

Kwa kipimo cha kutotenda uovu hata mara moja, asingepita, kama ambavyo wasingepita Richard na watawa wa Hekalu. Familia za askari weusi wa Cairo, mateka wa Bahari ya Shamu na Watempla wa Hattin wote wanasimama upande wa pili wa mizani.

Ukiyatazama matukio yote kwa pamoja, kinachojitokeza ni kwamba kwa Salahuddin mpaka uliokuwa mtakatifu ulikuwa ahadi. Palipokuwa na mapatano yake mwenyewe, kama Yerusalemu, aliyashika hata yalipomtia hasara. Palipokuwa hapana mapatano, maisha ya mateka yalitegemea manufaa, hasira au huruma ya siku hiyo. Giza mwaka 1169 inabaki kuwa tukio baya zaidi katika habari zake kwa sababu hata mpaka huo ulivukwa, wakati yeye ndiye aliyekuwa mwenye amri.

Kinachobaki wazi pia ni kwamba watu aliowaua kwa uhakika mkubwa ni wale waliofanana naye zaidi, yaani waliopigana kwa jina la Mungu. Kwa mfalme alikuwa na maji ya baridi. Kwa mama wa mtoto alikuwa na machozi. Kwa watawa wapiganaji alikuwa na dinari 50 na upanga.

Waandishi wa kanuni za michezo nao hawakubaki pale pale. Toleo la Dungeons & Dragons la mwaka 2014 halimpimi tena paladini kwa sharti moja la wema usio na doa. Kila mmoja huchagua kiapo chake, kipo hata cha kisasi, na hupimwa kwa namna anavyokishika. Mabishano kuhusu mateka hayajaisha kwa hilo, kwa sababu mtu anaweza kukishika kiapo chake na bado akawa amemuua asiyestahili kufa.

Ulaya ilimpokea Salahuddin kwa heshima isiyo ya kawaida. Mshairi wa Italia Dante, aliyefariki mwaka 1321, alimweka katika utenzi wake miongoni mwa watu wema wasio Wakristo, mahali pasipo na mateso. Dola aliyoijenga haikubahatika hivyo. Watoto na ndugu zake waligombana, na mwaka 1229 Yerusalemu ilikabidhiwa tena kwa Wazungu kwa mkataba, kabla ya kurudi kwa Waislamu mwaka 1244.

Amezikwa Damascus, ubavuni mwa Msikiti wa Umayya. Mfalme Wilhelm II wa Ujerumani alilizuru kaburi hilo mwaka 1898 na kumtolea zawadi ya jeneza la marumaru. Hadi leo majeneza ni mawili ndani ya chumba hicho. La marumaru halina mtu. Mwili wa Sultani umeachwa katika lile la zamani, la mbao.